Oda 40 kwa siku, kila lebo inakula dakika 4: muda unapotelea wapi hasa?

#1 Kapu_la_Oda
Wakuu, salaam. Hoja yangu ni hii: duka dogo la mtandaoni likishafika oda 40 kwa siku, kinacholichelewesha ni printa, si kingine. Naweka mlolongo ulivyo sasa ili mnisahihishe.

Oda inafunguliwa kwenye mfumo wa duka. Jina, anwani na simu vinanakiliwa kimoja kimoja kwenye ukurasa wa msafirishaji. Kifurushi kinapimwa, uzito unaandikwa kwa mkono. PDF ya lebo inapakuliwa, inachapwa kwa printa ya leza kwenye A4, inakatwa kwa mkasi, inabandikwa kwa selotepu pana iliyofunika lebo yote. Mwisho namba ya ufuatiliaji inanakiliwa na kurudishwa kwenye oda ili mteja apate ujumbe. Dakika 4 kwa oda. Mara 40 ni dakika 160, yaani saa 2 na dakika 40 kila siku.

La pili: karibu lebo moja katika kila kumi inagoma kusomwa na skana kule kwenye mapokezi ya vifurushi, ikabidi namba iingizwe kwa vidole. Nataka kuchukua printa ya joto ya lebo za inchi 4 kwa 6. Itamaliza yote mawili?

#2 Nukta203
Chukua mkuu, ila usiibebeshe kazi isiyo yake. Printa ya joto ya mezani ikienda mwendo wa inchi 4 kwa sekunde inatoa lebo ya inchi 6 kwa sekunde moja na nusu. Lebo inatoka na gundi yake, unabandua na kubandika. Mkasi na selotepu ya juu vinakufa siku hiyohiyo. Wino hakuna, tona hakuna.

Kuna aina mbili, usichanganye dukani. Ya kwanza inachoma karatasi yenyewe, ambayo ina kemikali inayogeuka nyeusi ikipata joto. Ya pili inatumia utepe wa wino unaoyeyushwa juu ya lebo. Kwa vifurushi vinavyofika ndani ya siku au wiki chache, ya kwanza inatosha. Utepe ni wa lebo zinazotakiwa kudumu miaka, au zinazokaa juani.

Ukali wa chapa wa nukta 203 kwa inchi unatosha kwa lebo ya usafirishaji. Nukta 300 nenda nazo kama utachapa pia vilebo vidogo vya bidhaa, vya 30 kwa 20 mm hivi.

#3 Mwanastoo
Mleta uzi, soma tena ulichoandika mwenyewe. Kwenye mlolongo wako neno "kunakili" limetokea mara mbili, na "kuandika kwa mkono" mara moja. Printa haijawahi kunakili anwani ya mtu. Ukinunua printa leo, kesho utachapa haraka na kunakili polepole vilevile.

Shida yako ni data, si karatasi.

#4 Jicho_la_Tatu
Nipo na Mwanastoo. Naweka kambi hapa, uzi huu una mafuta.

#5 Bi_Bahasha
Habari zenu. Wote wawili mmekimbilia mezani, hakuna aliyeangalia miguu. Oda 40 zikiokotwa moja moja ni safari 40 za kwenda kwenye rafu na kurudi. Ziokote kwa kundi: chukua oda 10 hadi 15, toa orodha moja iliyopangwa kwa mahali, si kwa namba ya oda. Kila tundu la rafu lipe anwani, mfano A-03-2: safu A, kabati la 3, ngazi ya 2 kutoka chini. Orodha ikifuata anwani hizo unapita stoo mara moja, huku na kurudi.

Oda zenye bidhaa moja tu zitenge kundi lake peke yake. Hizo ndizo rahisi kuliko zote, maana ukishika bidhaa yoyote kati ya hizo inamfaa yeyote aliyeiagiza, hakuna kupanga tena mezani. Zenye bidhaa nyingi ziwekee trei zenye namba, trei moja oda moja.

Na ngazi za chini kabisa na za juu kabisa usiweke kinachotoka kila siku. Kinachotoka sana kikae kati ya kiuno na bega.

#6 Kapu_la_Oda
Asanteni. Nimepima kwa saa ya simu, oda 12, nikachukua wastani:

kunakili anwani: sekunde 70
kupima na kuandika uzito: 35
kupakua na kufungua PDF: 30
kuchapa, kukata, kubandika: 65
kurudisha namba ya ufuatiliaji: 40

Jumla 240. Bi Bahasha, kuokota hakumo kwenye dakika 4 hizi. Huko ni muda mwingine kabisa, na sijaupima.

#7 Mwanastoo
Hapo sasa tunaongea. 70 jumlisha 40 ni 110. Karibu nusu ya muda wako ni kuhamisha maandishi kutoka dirisha moja kwenda jingine. Printa ya Nukta203 inagusa zile 65 tu, na hata hizo haizimalizi.

Njia ziko mbili. Bora ni kuunganisha mfumo wa duka na mfumo wa msafirishaji moja kwa moja, oda ikilipwa inatokea yenyewe upande wa lebo, na namba ya ufuatiliaji inarudi yenyewe. Mifumo mingi ya maduka ina kiungo tayari cha kazi hiyo. Kama msafirishaji wako hana, tumia CSV, yaani faili la maandishi ambalo safu zake zinatenganishwa kwa mkato: toa oda zote 40 kwenye faili moja, pandisha mara moja, pakua lebo zote kwenye PDF moja, kisha pakua orodha ya namba na uirudishe dukani vilevile.

Angalizo kubwa kwenye CSV: usiifungue kwa kubofya mara mbili. Excel itakula sifuri ya mwanzo ya namba ya simu na ya posta, na namba ndefu ya ufuatiliaji itageuzwa kuwa 3,4E+17. Excel ikishapita tarakimu 12 inaharibu namba moja kwa moja. Ingiza faili kupitia sehemu ya kuleta data, na kila safu ya namba iambie ni maandishi kabla haijaingia.

#8 Nukta203
Marekebisho kidogo, Mwanastoo. Kuanzia tarakimu 12 Excel inabadilisha *muonekano* tu, namba yenyewe bado ipo, ukibadili muundo wa seli inarudi. Inapoharibika kweli ni baada ya tarakimu 15: ya 16 na kuendelea zinakuwa sifuri, na hapo hakuna kurudi. Kwa hiyo namba ya tarakimu 13 unaweza kuiokoa, ya 18 imekwenda. Njia uliyotoa ya kuiita maandishi mapema ni sahihi kwa zote.

Ongeza na hili: hifadhi kwa UTF-8 (namna ya kuhifadhi herufi za lugha zote), la sivyo majina yenye herufi zenye alama juu yatatoka na takataka kwenye lebo. Na kagua kitenganishi. Kompyuta zinazotumia mkato kwa desimali hutoa nukta mkato badala ya mkato, mfumo wa msafirishaji unaona safu moja ndefu na kukataa faili zima.

#9 Fundi_Vichwa
Turudi kwenye swali la pili, lile la skana kugoma. Jibu ninalo: umechapa kwa kujaza ukurasa badala ya ukubwa halisi.

Mistari ya msimbo pau imejengwa kwa upana wa mstari mwembamba kabisa. Kwenye nukta 203 kwa inchi, nukta moja ni 0.125 mm. Mstari mwembamba wa nukta 3 ni 0.375 mm. Kompyuta ikipunguza lebo hadi asilimia 94 ili itoshe kwenye ukurasa, nukta 3 zinakuwa 2.82. Printa haiwezi kuchapa 0.82 ya nukta, kwa hiyo mistari mingine inatoka 3, mingine 2, kulingana na ilipoangukia. Macho yako hayaoni tofauti. Skana inaiona, maana inasoma uwiano wa upana, siyo weusi.

Weka asilimia 100, ukubwa halisi, kila mara. Na karatasi kwenye draiva (programu inayoiendesha printa) iwe ukubwa wa lebo kweli, isiwe A4.

#10 Pau_na_Pengo
Fundi, hesabu yako ni safi lakini mgonjwa siye huyu. Mleta uzi anachapa kwa leza kwenye A4. Leza ya kawaida ni nukta 600 kwa inchi, 0.375 mm hapo ni nukta karibu 9. Ukipunguza hadi asilimia 94 zinabaki 8 na ushee, tofauti ya nukta moja juu ya nane skana inaimeza bila kulalamika. Hoja yako itakuja kuwa kweli *akishanunua* printa ya joto.

Kwa sasa mimi namshuku mkasi. Code 128, aina ya msimbo wa mistari ambayo lebo nyingi za vifurushi zinaitumia, inataka eneo tupu jeupe kila upande lenye upana wa mistari myembamba 10. Kwa 0.375 mm ni karibu 4 mm kushoto na 4 mm kulia. Skana inalitumia eneo hilo kujua msimbo unaanzia wapi. Ukikata karibu na mistari na ukabandika kwenye boksi la kahawia lenye maandishi, mwanzo hauonekani tena. QR inataka vimraba 4 kila upande, Data Matrix inaridhika na kimoja tu, ndiyo maana kwenye lebo hiyohiyo msimbo wa mraba unasomeka na wa mistari unagoma.

#11 Bi_Bahasha
Na mie namshuku selotepu. Selotepu ya kung'aa juu ya mistari inarudisha mwanga wa skana kama kioo, hasa taa ikiwa juu kabisa ya meza. Ikijikunja kidogo ndiyo balaa, kila kunjo ni mstari mpya ambao haumo kwenye msimbo. Bandika kingo nne tu, mistari iache wazi.

Vilevile lebo isikunjwe kwenye kona ya boksi wala isikae juu ya mshono wa kufungia. Uso mpana kuliko zote, bapa, basi.

#12 Jicho_la_Tatu
Swali la pembeni: printa ya risiti ya 80 mm ambayo mtu tayari anayo, haiwezi kufanya kazi hii?

#13 Nukta203
@Jicho_la_Tatu Kwa lebo kamili ya inchi 4, hapana. Karatasi ni 80 mm lakini kichwa cha printa kinachapa 72 mm tu, nukta 576. Zile ndogo za 58 mm zinachapa 48 mm, nukta 384. Ukibana lebo ya 100 mm ikae ndani ya 72, ule mstari wa Fundi wa 0.375 unakuwa 0.27 mm, nukta 2.16. Umerudi kwenye ugonjwa wake wa #9, na safari hii ni wa kweli.

Pili, printa nyingi za risiti hazina kihisi cha kuona pengo kati ya lebo na lebo. Zinachapa mfululizo, lebo ya pili inaanzia juu kidogo, ya tano iko katikati ya mbili. Inafaa kwa orodha ya kuokotea ya Bi Bahasha. Kwa hiyo kazi ni nzuri sana, usiitupe.

#14 Kapu_la_Oda
Nimejaribu: lebo 10 zenye selotepu juu ya mistari, 10 zenye selotepu kingoni tu. Za kwanza imegoma 1. Za pili hakuna iliyogoma. Basi ni selotepu, au sivyo?

#15 Pau_na_Pengo
Bado, mkuu. Kama kawaida inagoma moja katika kumi, basi hata usipobadilisha chochote, lebo 10 kupita zote bila kugoma kuna nafasi ya asilimia 35 hivi. Ni 0.9 ikizidishwa yenyewe mara 10. Ukifika lebo 30 mfululizo bila kugoma, nafasi ya kuwa bahati inashuka hadi asilimia 4, hapo ndipo utamke.

Na ubadilishe kitu kimoja kwa wakati. Hizo 10 za pili, weupe uliobaki pembeni ulikuwa milimita ngapi? Ukiziacha kingo ili ushike selotepu pembeni, ina maana umekata kwa upana zaidi kuliko zamani. Umejaribu mkasi na selotepu kwa pamoja bila kujua.

#16 Bi_Bahasha
Hiyo ya mkasi nimeikubali kama hoja, ila selotepu siiachii.

#17 Fundi_Vichwa
Sawa, nimekubali kwamba nimewahi. Ngoja niseme ya mbele, kwa siku printa ya joto itakapofika, maana kinachoiua ni uchafu na joto la kupita kiasi.

Kila unapobadilisha rola la lebo, zima printa, acha kichwa kipoe, chukua pamba ya kijiti yenye pombe ya isopropili ya asilimia 99, futa ule mstari wa kichwa kutoka katikati kwenda nje. Subiri ikauke kabla ya kufunga. Usikwangue gundi kwa wembe wala kucha, ngozi inayolinda kichwa ni nyembamba mno. Mpira unaosukuma lebo nao ufute, ukizungusha kwa kidole. Ukiwa na gundi lebo inateleza na mistari inabanana.

Joto: anza chini, panda hatua moja moja mpaka msimbo usomeke vizuri, simama hapo. Watu wanapandisha hadi mwisho wakidhani nyeusi zaidi ni bora zaidi. Joto likizidi mistari inavimba na mapengo kati yake yanaziba, halafu kichwa kinakufa mapema. Kama weusi hautoshi, punguza kwanza mwendo, toka inchi 4 kwenda 3 kwa sekunde.

Na hili wengi hawalijui. Nukta moja ya kichwa ikiungua, inaacha uzi mweupe kufuata mwendo wa karatasi, lebo baada ya lebo, palepale. Kama mistari ya msimbo imelala kufuata mwendo huo, kama nguzo za uzio, uzi mweupe unaweza kufuta mstari mzima na msimbo ukafa. Kama imesimama kukatiza mwendo, kama vipago vya ngazi, uzi unaikata yote kidogo tu na skana inasoma juu au chini ya mkato. Chapa bango jeusi tupu mara moja kwa mwezi, uzi mweupe utajionyesha.

#18 Mwanastoo
Fundi wewe kila homa kwako ni kichwa cha printa 😀 Lakini hiyo ya nguzo na vipago nimeichukua, asante.

Nyongeza kwa Fundi: vipago navyo vina lake. Ukichapa kwa kasi kubwa, joto halijaisha kwenye nukta na karatasi imeshasogea, kingo za mistari zinatoka na ukungu. Ndiyo sababu nyingine ya kupunguza mwendo.

Sasa zile sekunde 30 za PDF. Kidirisha cha kuchapa kinachojitokeza kila lebo ndicho adui. Chrome ikifunguliwa na amri ya --kiosk-printing inachapa moja kwa moja kwenye printa iliyowekwa kuwa chaguo la kwanza, bila kuuliza. Fungua njia ya mkato ya kazi hiyo tu, maana ukiitumia kwa kila kitu barua pepe yako itatokea kwenye lebo. Ipo pia QZ Tray, programu huria inayokaa kwenye kompyuta na kupokea kazi kutoka kwenye kivinjari.

Kama msafirishaji anatoa lebo kwa ZPL, lugha ya printa za Zebra ambayo na printa nyingine nyingi zinaielewa, ichukue hiyo badala ya PDF. Hakuna picha wala kupunguzwa ukubwa. Printa inachora mistari yenyewe kwa nukta kamili, na ugonjwa wa #9 haupo kabisa. Mfano wa kilebo cha trei:

^XA
^PW812
^LL1218
^FO60,80^A0N,50,50^FDRAFU A-03-2^FS
^FO60,180^BY3^BCN,160,Y,N,N^FDODA-10457^FS
^XZ

812 ni upana wa inchi 4 kwa nukta 203, 1218 ni urefu wa inchi 6. BY3 ni mstari mwembamba wa nukta 3. Printa ya mtandao inapokea maandishi haya moja kwa moja kupitia mlango wa mtandao (port) 9100.

#19 Pau_na_Pengo
Nimeipigia hesabu hiyo ODA-10457, kwa kipimo cha mstari mwembamba, maana kila herufi ya Code 128 inakula upana wa 11: herufi 9 mara 11, jumlisha 11 ya kuanzia, 11 ya ukaguzi na 13 ya kufungia, ni 134. Mara nukta 3 ni 402, kama 50 mm. Weka eneo tupu la nukta 30 kila upande, unahitaji 462. Iko salama ndani ya 812. Atakayeongeza herufi hadi 20 ajue anafika nukta 765 bila eneo tupu, na akianzia 60 msimbo utaishia 825, nje ya lebo.

#20 Mizani_Sawa
Sekunde 35 za kupima hamjazigusa. Ziko mara mbili: kupima, na kuandika. Mizani ya USB inayotambulika na kompyuta bila draiva inaingiza uzito yenyewe kwenye mfumo wa lebo. Kuandika kumekwisha, na lile kosa la 250 kuwa 2500 limekwenda nalo.

#21 Bi_Bahasha
Kwa nini upime kabisa? Uzito wa kila bidhaa unaujua, maboksi yako yawe ukubwa wa aina tatu, uzito wa kila moja unaujua pia. Mfumo ujumlishe. Sekunde 35 zinakuwa sifuri.

Aina tatu zichaguliwe kwa makini, maana wasafirishaji wa haraka wengi hutoza kwa uzito wa ujazo ukizidi uzito halisi: urefu mara upana mara kimo kwa sentimita, gawa kwa 5000. Boksi la 40 kwa 30 kwa 20 linahesabiwa kilo 4.8 hata likibeba fulana mbili. La 35 kwa 25 kwa 15 ni kilo 2.63. Wengine wanagawa kwa 6000, soma masharti ya wako.

#22 Mizani_Sawa
Bi Bahasha, hesabu ya ujazo naunga mkono, kuacha kupima sikubali. Mizani si ya kumpa msafirishaji uzito tu, ndiyo mkaguzi wa mwisho. Mfumo unajua oda inatakiwa kuwa gramu 640, mizani inasema 520, kuna kitu kimebaki kwenye trei. Weka kiwango cha kuvumilia kisichozidi nusu ya uzito wa bidhaa yako nyepesi kuliko zote. Bidhaa ndogo ni gramu 40? Vumilia 20, zaidi ya hapo lebo isichapwe.

#23 Bi_Bahasha
Na kadibodi ikivuta unyevu inaongeza uzito, na karatasi ya kujazia kila mfungaji anatia kiasi chake. Gramu 20 utapiga kengele za uongo siku nzima. Kwa ukaguzi mimi naamini skana: kila bidhaa inasomwa msimbo wake ikiingia boksini, ya mwisho ikitimia ndipo lebo inachapwa yenyewe.

#24 Mizani_Sawa
Skana haioni kitu kilichosomwa halafu kikasahauliwa mezani. Tukubaliane kutokukubaliana.

#25 Jicho_la_Tatu
Mkishachapa bila kuulizwa hivyo, mnazuiaje lebo mbili kwa oda moja? Mtandao ukikwama mtu anabofya tena.

#26 Mwanastoo
Swali zuri. Kubofya mara mbili ni kununua lebo mara mbili, na zote mbili ni halali, zote zinatozwa. Kinga ni hizi: namba ya oda iende kama kitambulisho cha ombi, mfumo wa lebo ukiliona ombi lenye kitambulisho kilekile urudishe lebo ileile badala ya kutengeneza mpya. Kama msafirishaji wako hana kipengele hicho, hali ya oda ibadilike kuwa "lebo inaombwa" *kabla* ya ombi kutoka, siyo baada ya jibu kurudi. Na kitufe cha kuchapa tena kiwe tofauti na kitufe cha kutengeneza lebo. Karatasi ikichanika unachapa tena ileile.

Jioni linganisha lebo zilizotozwa na vifurushi vilivyotoka. Zilizozidi zifute mapema, kila msafirishaji ana muda wake wa kukubali kufuta.

#27 Pau_na_Pengo
Kwa watakaofuata ya Bi Bahasha ya #23: skana ya kawaida kwa kompyuta ni kibodi. Inaandika herufi na kubonyeza kitufe cha kuingiza. Skana ikitoka kiwandani na mpangilio wa kibodi wa Marekani na kompyuta iko kwenye wa Kijerumani, Y na Z zinabadilishana na kistari kinakuwa ß. ODA-10457 inaingia ODAß10457, mfumo unasema oda haipo, watu wanalaumu lebo. Kitabu cha skana kina misimbo ya kubadilisha mpangilio, unaisoma tu kwa skana yenyewe.

#28 Safari_ya_Mbali
Kwa wanaotuma nje kwa posta: namba ya ufuatiliaji ya herufi 13 ina tarakimu ya ukaguzi ndani, itumie kukamata makosa kwenye ile CSV ya #7. Tarakimu 8 za kwanza zidishe kwa 8, 6, 4, 2, 3, 5, 9, 7, jumlisha, gawa kwa 11, baki itoe kwenye 11. Ukipata 10 andika 0, ukipata 11 andika 5. Mfano 12345678 inaleta 204, baki 6, kwa hiyo tarakimu ya tisa ni 5.

Fomu ya forodha CN22 iwe kwenye lebo hiyohiyo ya 4 kwa 6 kama mfumo unaruhusu, na maelezo ya bidhaa yawe ya kweli: "fulana ya pamba ya kiume", isiwe "zawadi" wala "bidhaa". Maelezo ya jumlajumla yanachelewesha kuliko printa yoyote.

#29 Kapu_la_Oda
Asanteni sana. Naanza na CSV leo, haina gharama. Lebo 30 za Pau nitazikata kwa rula nikiacha 5 mm kila upande, selotepu ibaki kama zamani, ili kibadilike kitu kimoja. Printa nimeshaulizia, wanauza na marola ya 100 kwa 150 mm.

#30 Nukta203
Hapo simama kidogo. Inchi 4 kwa 6 ni 101.6 kwa 152.4 mm. Ukinunua marola ya 100 kwa 150 na draiva ukaiacha kwenye 4 kwa 6, milimita 2.4 za chini zinaangukia kwenye pengo, na baadhi ya printa zinaruka lebo nzima tupu kila baada ya moja. Andika ukubwa wa lebo uliyonayo kweli, pima kwa rula, kisha fanya printa ijifunze pengo upya. Nyingi unashikilia kitufe cha kusogeza karatasi mpaka iteme lebo mbili tatu na kusimama yenyewe.

Angalia pia tundu la katikati ya rola. Za mezani nyingi zinapokea la inchi 1. La inchi 3 ni la mashine kubwa, halitaingia.

#31 Bi_Bahasha
Na siku hiyo selotepu usiiweke juu ya lebo ya joto hata kidogo. Gundi yake inakula ile kemikali, maandishi yanafifia njiani.

#32 Kapu_la_Oda
Nimeelewa. Nitaleta majibu ya lebo 30.

#33 Fundi_Vichwa
Ukileta, tuambie na ulichapa kwa asilimia ngapi. Bado sijakata tamaa na #9.